Lori, kisima, silanga au bwawa la mchanga: mradi gani wa maji mpeleke nyumbani?

Ukame ukitangazwa, vikundi vya watu wa sehemu moja wanaoishi Nairobi na viunga vyake huanza kuchanga. Kuanzia Pipeline hadi Mlolongo, Kayole hadi Kawangware, pesa zinaingia kwa simu ya mweka hazina, kisha kikao kinakwama kwenye swali moja: tupeleke nini nyumbani? Mmoja anataka lori la maji lifike wiki hii hii. Mwingine anasema tuchimbe kisima. Yuko aliyetembelea bwawa la mchanga Makueni, ukuta unaokatiza mto wa msimu ili maji yahifadhiwe ndani ya mchanga, akarudi hazungumzii kitu kingine, na yuko anayeshikilia kwamba tusubiri bomba la serikali. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo, na naamini huwa tunalinganisha vitu visivyo sawa. Tunalinganisha bei ya kujenga, au ukubwa wa tangi, au picha zitakavyopendeza siku ya uzinduzi.

Mimi napendekeza kipimo kimoja tu: mradi huo utatoa lita ngapi mwezi wa Oktoba? Ukambani na sehemu kubwa ya Kajiado, mvua za masika huwa zimeisha Mei, na za vuli huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Hapo katikati kuna miezi mitano mikavu, na hiyo ni katika mwaka mzuri. Mwezi wa Mei kila mradi una maji. Oktoba ndiyo inayotenganisha.

Tuchukue kijiji cha familia 200, watu 1,000. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na usafi wa mwili. Hiyo ni lita 15,000 kwa siku, yaani mitungi 750 ya lita 20. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba ni siku 153, kwa hiyo kijiji kinahitaji karibu lita milioni 2.3 kuvuka kiangazi. Ng'ombe na mbuzi hawamo kwenye hesabu hiyo. Shikeni hiyo namba tukienda mradi baada ya mradi.

Serikali iko wapi katika haya

Kabla ya kutoa pesa zenu, jueni za serikali zinaenda wapi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limeipa kaunti kazi ya huduma za maji, kwa hiyo kwa jambo la kijijini, mlango wa kwanza ni wa kaunti. Mabwawa makubwa na mabomba yanayovuka kaunti yako mikononi mwa serikali kuu.

Ukame ukizidi, inaingia Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, inayofanya kazi chini ya sheria ya 2016. Kila mwezi hutoa taarifa ya kila kaunti kati ya zile 23 kame, ikisema iko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Taarifa hizo ni za bure, na kikundi chochote kinachochanga pesa kingefaa kuzisoma kuliko kungoja taarifa ya saa moja usiku iseme mambo yameharibika.

Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na kufikia mwisho wa 2022 Wakenya zaidi ya milioni 4 walihitaji msaada wa chakula. Upande wa maji, juhudi za serikali na washirika wake zilikuwa malori ya kusambaza maji, mafuta ya jenereta za visima, na mafundi wa kufufua pampu zilizokufa. Zilisaidia, na ziliokoa maisha. Lakini mtaona mtindo: nguvu huja siku ya kuzindua mradi, kisha huja tena siku ya dharura. Miaka ya katikati, pampu ikianza kukohoa na silanga, bwawa la kuchimbwa la maji ya mvua, likianza kujaa tope, kijiji kiko peke yake. Pesa za kikundi cha Nairobi, hata zikiwa kidogo, zina nguvu zaidi hapo katikati.

Lori la maji

Lori la lita 10,000 ni mitungi 500. Kwa kijiji chetu hiyo ni lita 10 kwa kila mtu, siku moja. Kwa mwezi mzima mtahitaji safari 45, na sehemu kubwa ya pesa itakuwa imeishia kwenye dizeli. Ukilinganisha na chaguo lingine lolote hapa, lori ndilo la ghali kuliko yote kwa kila lita, na Novemba halitaacha kitu nyuma.

Hata hivyo silidharau. Kama taarifa ya kaunti imefika dharura na watoto wanaacha shule kutafuta maji, hakuna bwawa litakalojengwa kwa wakati. Hapo pelekeni lori, ila lipeleke maji mahali pa kuyaweka: tangi la shule, la zahanati au la kanisa. Lori likifika bila tangi, maji humwagwa kwenye shimo lililotandazwa karatasi ya plastiki, vijana wenye nguvu na pikipiki hujaza kwanza, na nyanya aliyetembea tangu alfajiri anapata ya chini, yenye tope. Ulizeni pia lori limejaza wapi na kama maji yametiwa klorini, maana lori lililochota mtoni huweza kuleta kipindupindu pamoja na maji.

Ushauri wangu: kama hamko kwenye dharura, nunueni tangi, lori mwachieni serikali.

Kisima kirefu

Hiki ndicho kila mtu anataka, na nina sababu ya kukiheshimu. Kisima kinachotoa lita 3,000 kwa saa, kikiwa na pampu ya sola inayofanya kazi saa sita za jua kali, kitatoa lita 18,000 kwa siku. Mahitaji ya kijiji yametimia na kuna akiba kidogo. Na maji ya chini sana hayajui Oktoba wala Mei. Kikiwa kizuri, hakuna cha kukishinda.

Shida iko kwenye hilo neno "kikiwa". Kwanza ni suala la maji yenyewe. Mashariki ya Kitui na sehemu za Kajiado, Garissa na Wajir, mtambo unaweza kuchimba mita 200 ukapata maji ya chumvi ambayo hata mbuzi anasitasita kuyanywa. Kajiado na Bonde la Ufa kuna floridi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, na kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Floridi haina ladha. Utaiona baadaye kwenye meno ya watoto yenye madoa ya kahawia, na ikizidi sana inaingia kwenye mifupa. Hata serikali iliwahi kushangilia mapema: mwaka 2013 hifadhi kubwa ya maji ya ardhini ilitangazwa Lotikipi, Turkana, na vipimo vya baadaye vikaonyesha maji yake yana chumvi nyingi. Kwa hiyo msilipie pampu wala paneli kabla ya matokeo ya maabara kurudi.

Pili, sheria. Kabla ya kuchimba mnahitaji ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na idhini ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mtu akiwaambia anajua mahali pa maji kwa kutembea na kijiti, mshukuruni na mumwite mtaalamu mwenye leseni. Kisima kikishachimbwa, lazima kipimwe kwa kupampu mfululizo, kwa kawaida saa 24, kuona kina cha maji kinashuka kiasi gani na kinarudi kwa muda gani. Namba hiyo ndiyo inayochagua pampu. Pampu kubwa kuliko uwezo wa kisima itakikausha na kujiua yenyewe.

Tatu, na hapa ndipo visima vingi hufia, ni nani atakitengeneza. Kiangazi kikikaza, kisima kimoja kinachofanya kazi hubeba vijiji vitatu na mifugo kutoka mbali. Pampu iliyopangiwa kazi ya saa sita kwa siku inasukumwa saa kumi na mbili kwa jenereta. Inaharibika Septemba au Oktoba kwa sababu ndiyo miezi inayofanyishwa kazi kupita kiasi. Nimesimama mbele ya kioski cha maji chenye rangi mbichi ya bluu, mfereji wa shaba umefungwa kwa kamba ya katani, buibui ametanda kwenye dirisha la muuzaji, na paneli juu ya paa zikimeta vizuri kabisa. Kilichokuwa kimeungua ni kifaa cha kuendesha pampu, kitu cha kubebwa kwa mkono mmoja. Kamati haikuwa na akaunti ya benki.

Fanyeni hesabu hii kabla ya kuchanga. Mitungi 750 kwa siku, ikiuzwa kwa shilingi 3, ni shilingi 2,250. Kwa siku 153 za kiangazi ni shilingi 344,250. Hapo kuna mshahara wa mlinzi na muuzaji, na kuna akiba ya pampu mpya, ikiwa pesa zinaingia benki na watia sahihi ni watatu. Kikundi kikisema maji yatakuwa bure kabisa kwa sababu ni msaada, kimeamua kwamba kisima kitakufa. Najua linaumiza kusikia, hasa kwa familia isiyo na shilingi. Wekeni orodha ya wasioweza kulipa, wachote bila malipo, lakini wengine walipe.

Kuna chaguo ambalo vikao vyetu hulisahau: kufufua kisima kilichopo. Sehemu nyingi kame zina visima vilivyochimbwa vikazibwa kwa kifuniko cha chuma vikingoja vifaa, au vilivyokufa kwa pampu tu. Tayari shimo lipo, na ripoti yake mara nyingi iko kwenye ofisi ya maji ya kaunti. Kukifufua ni sehemu ndogo ya gharama ya kuchimba kipya. Ulizeni hilo kwanza.

Silanga

Silanga, bwawa la kuchimbwa la kukusanya maji ya mvua yanayotiririka, linajulikana Ukambani tangu enzi za ukoloni, na serikali bado hulipenda kwa sababu tingatinga moja linalichimba kwa muda mfupi na linaonekana kutoka barabarani. Chukua silanga la mita 50 kwa 40, kina cha mita 3. Likijaa lina lita milioni 6 kasoro, kwa kuwa kingo zake ni za mteremko. Kwenye karatasi linashinda mahitaji yetu zaidi ya mara mbili.

Sasa toeni jua. Katika nchi kame jua hunyonya karibu mita 2 za maji kwa mwaka kutoka kwenye maji yaliyo wazi, kwa hiyo miezi mitano huondoka na karibu sentimita 80. Toeni yanayopenya chini kama udongo si mfinyanzi. Toeni tope linaloingia kila msimu na kupunguza kina. Kisha ng'ombe, ambaye siku ya joto hunywa lita 30 na zaidi, anaingia ndani kwa miguu yake. Oktoba mara nyingi kilichobaki ni dimbwi la rangi ya chai ya maziwa, na maji yake hayafai kunywewa bila kuchujwa na kutibiwa.

Kwa hiyo silanga nalihesabu kama mradi wa mifugo na mboga, na kwa kazi hiyo ni zuri sana. Wafugaji wa Kajiado hawana haja ya kuambiwa. Likizungushiwa ua, likawekewa bomba la kupeleka maji kwenye birika la kunyweshea nje ya ua, na mtego wa tope mahali maji yanapoingilia, litadumu. Ua si urembo. Watoto wanazama kwenye silanga zisizo na ua.

Bwawa la mchanga

Hapa nitakaa kidogo, maana ni mradi ambao Wakenya wa Machakos, Makueni na Kitui wanaujua kuliko karibu watu wengine wote duniani, na bado tunauchukulia kama kitu cha wazee.

Ni ukuta wa mawe na saruji unaojengwa kukatiza mto wa msimu, juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mto unabeba mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji yanajificha katikati ya chembe za mchanga. Nusu mita chini ya uso jua halifiki tena kwa nguvu. Mbu hawazaliani, ng'ombe hawakanyagi, na mchanga wenyewe unachuja. Watu huchota kwa kisima kifupi cha kando chenye pampu ya mkono, kifaa ambacho fundi wa kijijini anaweza kukifungua na kukifunga.

Hesabu yake: mto wenye upana wa mita 15, mchanga wa kina cha wastani wa mita 2, ukirudi nyuma mita 300, ni mita za ujazo 9,000. Tukikadiria kwamba robo ni maji yanayochoteka, tuna lita 2,250,000. Hiyo ni siku 150 za kijiji chetu, karibu Juni mpaka Oktoba kamili. Kingo za mto nazo huwa zimeshiba maji na huyarudisha polepole.

Lakini si kila mto. Mkienda nyumbani kiangazi kikianza, chukueni chuma kirefu cha ujenzi mkakipigilie kwenye mchanga sehemu kadhaa mpaka kigonge mwamba. Kama kinazama na kuzama bila kugonga kitu, ukuta hautakuwa na pa kusimama na maji yatapita chini yake. Kisha jazeni mchanga mkavu kwenye chupa ya lita moja na mumimine maji kwa kipimo mpaka yaonekane juu. Mchanga mzuri, mkubwa wa chembe, utameza mililita 300 hivi. Ukimeza kidogo, au ukishikamana mkononi, ni tope, na bwawa litajaa tope. Angalieni pia miti ya mikuyu ukingoni na waulizeni kina mama ni shimo lipi la mtoni huchelewa kukauka. Majibu yao yana thamani ya nusu ya ripoti ya mhandisi, ingawa mhandisi lazima aje bado.

Adui wa bwawa la mchanga anaishi huku kwetu. Mchanga uliojenga ghorofa za Nairobi umetoka kwenye mito ya Machakos, Makueni na Kajiado, na lori likizoa mchanga linazoa maji pamoja nao. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na hiyo ni moja ya hatua za kaunti ninazoziheshimu zaidi katika jambo hili zima. Kama kijiji chenu hakiwezi kuzuia malori ya mchanga, msijenge.

Paa na tangi

Nitakuwa mfupi. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya bati ni lita moja. Jengo la shule lenye paa la mita mraba 160, mvua ya milimita 250 kwa msimu, ukitoa moja ya tano inayopotea, linatoa lita 32,000. Kijiji kitayamaliza kwa siku mbili. Lakini shule ya watoto 300, kila mmoja akinywa lita 2, itafika siku 53, na hiyo inakaribia muhula mzima wa tatu. Kwa shule na zahanati ni chaguo la kwanza, mradi tangi lifungwe kufuli baada ya masika na lifunguliwe mto ukikauka.

Kungoja bomba

Mabomba makubwa yapo na yanafanya kazi. Maji ya chemchemi za Nol Turesh chini ya Kilimanjaro husafiri kupitia Kajiado mpaka Machakos. Ila bomba refu linalokatiza nchi yenye kiu hutobolewa njiani, na wa mwisho hupata kilichobaki. Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, limepangwa kushika zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Ujenzi ulianza 2018, na tarehe ya kwanza ya kumaliza ilishapita. Na linajazwa na mto Athi, unaopokea mto Nairobi, kwa hiyo uchafu wa mitaa yetu utafika kule kabla ya maji kufika mifereji ya jamaa zetu. Yatahitaji kusafishwa kwa gharama kubwa. Simwambii mtu asiliunge mkono. Nasema msiahirishe mradi wa Oktoba hii kwa ajili yake.

Ningechaguaje

Kijiji kikiwa na mto wa mchanga wenye mwamba na watu wanaoweza kuulinda, ningeweka pesa kwenye bwawa la mchanga bila kusita. Pasipo na mto, ningetafuta kisima kilichokufa nikifufue. Kuchimba kipya ningeisukuma kaunti ifanye, kwa kuwa kunameza mamilioni na kosa moja la mahali linamaliza mchango wa miaka. Kwa wafugaji, silanga lenye ua na birika. Tangi la paa la shule ningeliongeza popote, hata pesa zikiwa chache.

Kuisukuma kaunti kuna kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima uwasilishwe katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ombi lenu likifika kwa mwakilishi wa wadi Oktoba, watu wakiwa tayari wana kiu, limechelewa kwa bajeti ya Julai inayofuata. Lipelekeni Julai au mapema Agosti, kwa barua iliyotiwa sahihi na wakazi, pamoja na vipimo mlivyofanya.

Na jambo la ardhi lisiachwe nyuma. Visima na mabwawa hujengwa kwenye shamba la mtu mwema, mtu huyo akafariki, na watoto wake wakaweka lango. Makubaliano ya ardhi na ya njia ya kufikia maji yaandikwe, yatiwe sahihi na mwenye shamba na familia yake mbele ya chifu, na nakala ibaki kwa katibu wenu hapa Nairobi, kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujanunuliwa.